Mwanafunzi wangu anataka konserto ambayo mikono yake haijaifikia

BARUA

Ndugu mshauri,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa piano hapa Mtwara mjini. Nafundishia kwenye ukumbi wa kanisa, ambako kuna piano moja ya zamani ya mbao na piano moja ya umeme yenye vibonyezo 88. Nina mwanafunzi wa kike wa miaka 15, juzi tu amemaliza mtihani wa kidato cha pili. Ana bidii na ana sikio zuri. Kiwango chake nakikadiria gredi ya 5 kuelekea ya 6, kati ya gredi nane za mitihani ya muziki: amepiga sonatina za Clementi, Invensheni ya 1 na ya 8 za Bach, na sehemu ya kwanza ya sonata ya Mozart K. 545 (K. ni namba ya kazi zake) anaimaliza bila kusimama, ingawa skeli (nota zinazofuatana kwa ngazi) za mkono wa kulia huwa zinamkimbia. Mkono wake ni mdogo. Oktavu (umbali wa nota nane) anaifikia kwa ncha za vidole, na zikifuatana anachoka baada ya vipimo (vijisehemu vilivyotengwa kwa mistari kwenye nota) vinne au vitano.

Mwezi wa nane mwakani parokia ina jioni ya muziki, na nimeahidi kwamba atapiga konserto (kazi ya mpiga mmoja akisindikizwa na orkestra), mimi nikishika sehemu ya orkestra kwenye piano ya pili. Nilikuwa nimemchagulia Haydn katika D meja, Hob. XVIII:11. Ameikataa. Anataka Mozart katika D maina (ufunguo wa sauti nzito ya huzuni), K. 466. Ameisikiliza kwenye simu mpaka anaimba violini za mwanzo neno kwa neno. Nilipomwambia ni ngumu alinyamaza, na wiki hiyo alikosa mazoezi siku mbili.

Ada ya masomo inalipwa na mjomba wake, kutoka kwenye hela ya korosho. Alikuja kuniona baada ya mnada akaniambia kwa heshima, lakini bila kuzunguka: "Mwalimu, sitoi hela ya mwaka mzima mtoto aje apige kitu chepesi mbele za watu. Kama hawezi, niambie." Tena kuna mpiga kinanda mwingine aliyemwambia binti kuwa yeye angemfundisha hiyo Mozart kwa miezi mitatu.

Nyumbani binti anafanyia mazoezi kwenye kinanda cha vibonyezo 61 visivyo na uzito. Ukumbini anapata saa moja, siku nne kwa wiki.

Nikimlazimisha Haydn, naogopa atapiga bila moyo au atahama. Nikimkubalia Mozart, naogopa ataanguka mbele za watu na jina langu lianguke naye. Nimefikiria pia Konserto ya 3 ya Kabalevsky, mtunzi wa Urusi, kwa kuwa iliandikwa kwa ajili ya vijana. Zipo pia konserto fupi zilizotungwa mahususi kwa wanafunzi, lakini mjomba akiona neno "wanafunzi" kwenye ratiba, mazungumzo yameisha. Jina langu hapa mjini limechukua miaka kulijenga. Nichague ipi, na nimwambieje binti?

Mwalimu wa piano, Mtwara

JIBU

Mwalimu, pole kwa mzigo huu, na asante kwa kuandika kwa undani. Bila zile habari za oktavu na za kinanda cha nyumbani ningekuwa nabahatisha.

Nikikusoma vizuri, binti amependa kitu, mikono yake haijakifikia, na mjomba anayelipa anapima thamani ya hela yake kwa ugumu wa nota. Kuna jambo jingine ulilolitaja mara mbili kisha ukalipita: jina lako. Una haki ya kulijali, ndiyo kazi yako hiyo. Nakuomba tu ulitambue mapema, maana usipoliangalia ndilo litakalochagua konserto, nawe utadhani umechagua wewe.

Nianze na jambo dogo kwenye barua yako. Umesema binti anaimba violini za mwanzo. Katika K. 466, zile nota zinazokatisha mapigo, na besi inayonguruma chini yake, ni za orkestra. Mpiga piano anakaa kimya kwa vipimo zaidi ya 70. Akiingia, haingii na ule muziki. Anaingia peke yake, polepole, na wimbo mwingine kabisa. Kwa hiyo inawezekana alichokipenda huyu mtoto hakimo kwenye nota zake, kimo kwenye zako wewe utakayemsindikiza. Sijui kama mmeshakaa na nota mkalitazama hili pamoja. Mpe nota, weka muziki, mwambie afuate mstari wa piano kwa kidole, kisha muulize ni wapi hasa moyo unamwenda mbio. Akikuonyesha mwanzo, anapenda rangi ya D maina, ile giza na msukumo. Akikuonyesha wimbo wa mwanzo wa sehemu ya pili, ile Romanze, anapenda uimbaji. Akikuonyesha mwisho, ambapo piano inaanza peke yake na arpejio (nota za kuambatana zikipigwa moja baada ya nyingine) inayoruka juu, anapenda kishindo. Kila jibu lina mlango wake, na milango hiyo haielekei yote kwenye Haydn.

Sasa ugumu wenyewe. Nadhani neno "ngumu" ndilo lililomnyamazisha, kwa sababu halimwonyeshi chochote cha kushika. Lipasue. K. 466 ina urefu wa kama dakika 30. Saa nne kwa wiki kwa miezi tisa, ukiondoa likizo na mitihani, zinakupa kama saa 120 kwenye piano yenye uzito. Hapo kila dakika ya muziki inapata saa nne za kazi, kwa mtoto ambaye skeli za K. 545 bado zinamkimbia. Haydn nzima, dakika kama 20, inapata saa sita kwa dakika. Konserto ya Bach katika F maina, BWV 1056, ina kama dakika 10 tu, kwa hiyo saa 12. Sehemu ya kwanza peke yake ya Haydn, dakika nane hivi, inapata 15. Hesabu hii mwonyeshe binti, na mjomba pia mwonyeshe. Mtu wa korosho anajua kugawa.

Kuna mengine ndani ya K. 466 ambayo sikio halikuonyeshi. Katikati ya ile Romanze tulivu kunalipuka kipande cha G maina, nota za haraka mfululizo, mkono wa kushoto ukivuka juu ya wa kulia kwenda na kurudi. Wanafunzi wengi hupiga ukurasa wa kwanza kwa raha, wakaweka mwendo wanaoumudu, halafu kipande hicho kikawavunja. Pia Mozart hakutuachia kadenza za konserto hii, yaani vipande vya mpiga piano peke yake karibu na mwisho wa sehemu. Zinazopigwa zaidi ni za Beethoven, nazo ni nzito kuliko konserto yenyewe. Na wewe je, ile sehemu ya orkestra kwenye piano moja, yenye kodi (nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinazokatisha mapigo ukurasa baada ya ukurasa, umeshaijaribu kwa kasi kamili? Msindikizaji akiyumba pale mwanzo, binti ataingia kwenye mapigo yaliyolegea, hata kama kwa upande wake yuko tayari.

Badala ya wewe kumwambia hawezi, na mwenzako kumwambia anaweza kwa miezi mitatu, mikono yenyewe inaweza kusema. Chukua vipimo 12 vigumu kutoka K. 466, kile cha G maina kinafaa, na 12 vigumu kutoka kila konserto nyingine mtakayoiweka mezani. Andika vidole kwa penseli, usimwachie abuni. Aanze nusu ya kasi na metronomu (chombo cha kuhesabu mapigo), mikono mbalimbali kwanza, kisha pamoja, akipanda hatua nne za metronomu kila anapopita mara tatu bila kosa. Wiki tatu zinatosha. Angalia inapokwama, halafu angalia kwa nini. Kidole gumba kikichelewa kupita chini ya kiganja, hilo linarekebishika kwa mazoezi. Kifundo kikikaza na bega likipanda, ongezeko la kasi halitaponya, na kumsukuma hapo ni kumtafutia maumivu ya mkono. Kama vile vipimo vya G maina vitafika robo tatu ya kasi kwa mkono uliolegea, basi hofu yako ilikuwa kubwa kuliko hali, na utakuwa umelijua hilo mapema. Visipofika, atakuwa ameona mwenyewe, bila mtu kumtamkia.

Tuje kwenye milango. Kama anachokipenda ni giza la maina, Bach ya F maina inastahili kusikilizwa kabla ya Haydn. Piano inapiga tangu mwanzo, haisubiri. Kazi ni ya vidole vya mkono wa kulia, trileti (nota tatu kwenye pigo moja) nyingi, na ule mtindo wa mwangwi ambapo kishazi kinarudiwa kwa sauti ndogo. Sehemu ya kati, Largo ya A flati, ni wimbo mmoja mrefu wa mkono wa kulia, na kwa maoni yangu ni kati ya kurasa nzuri kuliko zote ambazo mtoto wa kiwango chake anaweza kuzimiliki kweli. Orkestra yake ni ya nyuzi tu, kwa hiyo upande wako ni mwepesi. Hatari zake: flati (alama za kushusha nota) nne, na mapambo ya Largo ambayo asipopangiwa vidole mapema atayapiga tofauti kila siku.

Kama hataki kuliacha jina la Mozart, zipo K. 107, konserto tatu ambazo Mozart kijana alizitengeneza kutoka sonata za Johann Christian Bach, kwa piano, violini mbili na besi. Hizi ziko karibu na mikono yake ya leo; kasoro yake ni kwamba anaweza kuzimaliza mapema na kuchoka nazo. Juu yake kuna K. 414 katika A meja, ya mwaka 1782. Kuhusu konserto za kundi hilo Mozart alimwandikia baba yake mwezi Desemba mwaka huo kwamba zimekaa katikati, kati ya kilicho kigumu mno na kilicho chepesi mno. Kadenza alizoandika mwenyewe zipo, wala si ndefu. Ila usidanganyike na utulivu wake: nota ni chache na ziko wazi, kila skeli isiyo sawa inasikika mpaka kiti cha mwisho. Kwa binti huyu ningeifikiria sehemu ya kwanza tu.

Haydn uliyoichagua bado ni chaguo zuri, na sioni sababu ya kuiona aibu. Martha Argerich, mpiga piano maarufu duniani, ameirekodi, na hakuna anayemhesabu kuwa mpiga vitu vyepesi. Kazi yake kubwa ni skeli na arpejio zinazokaa vizuri chini ya mkono, na rondo (sehemu ambayo wimbo wake mkuu hurudi rudi) ya mwisho ya mtindo wa Kihungari inawafanya watu wasogee mbele kwenye viti. Kinachoharibika ni hicho hicho kinachopendeza: rondo inakimbia, trila (nota mbili jirani zikipokezana haraka) zinageuka nota mbili zilizogongana, na mtoto ambaye skeli zinamkimbia atafika mwisho kabla yako. Sehemu ya kwanza ina mtego mwingine wa kumbukumbu. Muziki wa mwanzo unarudi baadaye ukiwa umegeuzia njia kwenye ufunguo mwingine, na asiyezijua njia panda hizo atajikuta amerudi ukurasa wa pili. Ziwekeeni alama za herufi, A, B, C, na awe anaweza kuanzia herufi yoyote utakayoitaja.

Kabalevsky ningekuwa mwangalifu naye. Ni kweli Konserto ya 3, Opus 50 ya mwaka 1952, ilikusudiwa vijana, lakini vijana wenye mkono mpana: ina oktavu na kodi za haraka, na umeniambia mwenyewe oktavu zinamchosha baada ya vipimo vitano. Na ipo habari ya kile kinanda cha nyumbani. Piano za wakati wa Mozart zilikuwa na oktavu tano, kama kinanda hicho, ila zao zilianzia F na kuishia F, chake bila shaka kinaanzia C na kuishia C. Kwa hiyo nota za juu za Haydn na Mozart anazo zote nyumbani, anakosa chache tu za chini. Kwa Kabalevsky atakosa nyingi, juu na chini. Nota zake pia hazipatikani bure kihalali, maana mtunzi alifariki mwaka 1987 na hakimiliki bado ipo. Matoleo ya zamani ya Bach, Haydn na Mozart unayapakua bila malipo kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP.

Kuna dhana moja umeibeba bila kuihoji: kwamba ahadi ya konserto ni ahadi ya sehemu zote tatu. Kupiga sehemu moja ni jambo la kawaida kabisa kwenye maonyesho ya wanafunzi na mashindano, na utangulizi mrefu wa orkestra hufupishwa hadi vipimo vichache vya mwisho kabla piano haijaingia. Hapo hata sehemu ya kwanza ya K. 466 inabadilika sura. Lakini ukiukata utangulizi wake, umekata zile violini anazoziimba, na kadenza bado itakusubiri. Mnaweza kuandika kadenza fupi yenu, vipimo vinane au kumi juu ya wimbo anaoujua. Mnaweza pia kukubaliana kwamba mwakani anapiga nyingine, huku ukurasa wa kwanza wa Romanze ukibaki kwenye masomo kila wiki kama kitu chake. Sijui lipi litamfaa. Wewe unamwona usoni.

Kwa mjomba, nakusihi usisikie dharau katika maneno yake. Katika familia nyingi za huku kusini mjomba hasemi tu kwa kuwa analipa, anasema kwa kuwa mtoto ni wake. Anaogopa kudanganywa, na "kitu chepesi" kwake ni jina la udanganyifu huo. Mwalike ukumbini nusu saa. Binti apige vipimo vyake 12 vya kila konserto mbele yake, halafu wewe unyamaze umsikilize anachosema. Huenda akataka Mozart vilevile. Huenda pia akasikia tofauti kati ya nota zinazopigwa na nota zinazosukumwa, jambo ambalo maelezo yako hayatampa. Kwenye ratiba mtakayochapa hakuna sababu ya kuandika neno wanafunzi; andika jina la mtunzi, ufunguo na namba ya kazi, kama ratiba zote zinavyoandikwa.

Na yule aliyeahidi miezi mitatu, usigombane naye. Nota za kurasa kadhaa zinaweza kukaa kichwani kwa muda huo. Swali ni zitakaa kwa kasi gani na kwa mkono wa namna gani, na jibu utakuwa nalo baada ya zile wiki tatu.

La mwisho ni vyombo vyenyewe, maana vimeshaharibu maonyesho mengi ya wapigaji wazuri. Mvua zikianza, mbao na sufi za piano ya zamani zitavimba kwa unyevu, vibonyezo vitakwama na sauti itapanda. Kiangazi kikifika itashuka. Kwa hiyo usiipatanishe piano ya umeme na ile ya mbao mwezi wa pili ukadhani umemaliza. Wiki ya maonyesho, piga A ya katikati ya ile ya mbao, kisha kwenye piano ya umeme tafuta mpangilio wa kutyuni na uushushe au uupandishe kutoka 440 (kipimo cha kawaida cha A) mpaka ule mtetemo wa mawimbi unaosikika kati ya sauti mbili upotee. Jaribu pia A za juu na za chini, maana piano ya zamani hailegei sawasawa. Binti akae kwenye ya mbao, wewe kwenye ya umeme, spika ikiwa nyuma ya bega lake ili akusikie bila kugeuka. Tumia sauti ya piano, acha ile ya nyuzi. Inachelewa kuamka na itamvuta nyuma. Betri au jenereta iwepo, kwa sababu umeme ukikatika atakayenyamaza ni orkestra. Na kabla hamjaamua Haydn, mwambie apige kwenye ile ya mbao kila nota yenye trila, mara nane haraka kwa kidole cha pili na cha tatu. Kibonyezo kisichorudi mwezi huu wa kumi na moja hakitarudi mwezi wa tatu, na fundi wa kuja kukirekebisha ni wa kumpangia sasa.

Nota mtakazozichagua chapisha nakala tatu: yake, yako na ya atakayekugeuzia kurasa, zote za toleo moja, ili ukisema "herufi C" wote watatu muwe mnaangalia kipimo kimoja.